Muoshaji na Minyoo ya Maji ya Chumvi

Jina lake ninalijua na silitaji. Alipokuwa hai hakuna aliyelitumia, na sitaki kuwa wa kwanza sasa. Kasuku nzima, mtaa wetu wa Kindu, na hata ng'ambo ya mto, alikuwa Muoshaji. Baba yake nani, alitokea Kasongo au Kibombo, hayo waulizeni wanaopenda mizizi. Mimi nilimjua kwa mikono yake.

Nilimjua miaka mingi, na karibu miaka hiyo yote nilikuwa na kitu kimoja cha kumwomba: radhi. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi kuomba siwezi. Naweza kupatana. Nipe gunia la mchele na muuzaji mkali, nitarudi na gunia na yeye akinishukuru. Lakini kupatana ni kazi moja na kuomba ni kazi nyingine. Hilo nililijua nimechelewa.

Mikono yake, basi. Ilikuwa misafi kupita kiasi, kucha amezikata mpaka karibu na nyama. Aliiosha kwa sabuni ya mawese, kisha kwa ndimu, kisha kwa sabuni tena, na bado watu hawakutaka kumpa mkono, kwa sababu walijua ilikotoka. Yeye naye alijua kwamba wanajua. Kwa hiyo alikuwa akiingia barazani ameiweka nyuma ya mgongo kama mkaguzi wa shule, asimtie mtu katika taabu ya kuchagua. Wageni walidhani ni majivuno.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Kwanza maiti wetu Waislamu, kama ilivyo desturi, na vita vilipokuja, kila maiti asiye na mtu. Hakuuliza dini. Alisema ukishamwagia maji mara ya kwanza, wote wanafanana magoti.

Mtu huyo huyo hakuweza kuchinja kuku. Kila Idi alimpelekea shehe kuku wake, akageukia ukuta, akaziba masikio. Shehe alimwambia mara moja, "Wewe unalala na wafu, unaogopa kuku?" Akajibu bila kugeuka: "Wafu hawapige kelele, Shehe. Maliza haraka."

Na alikuwa mwizi wa dama. Tulicheza kwa vifuniko vya chupa za soda, kwenye kivuli cha fundi wa pikipiki karibu na soko. Ukiangalia pikipiki inayopita, vifuniko vyako viwili vimeondoka. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za msikiti, na bado aliniibia. Siku moja nilimshika mkono, nao kifuniko kimo ndani ya kiganja. Hakuona haya.

"Maiti sijamuibia hata mumoja," alisema. "Lakini ninyi muko hai. Mujilinde."

Alikuwa akiongea na anaowaosha. Hili nimelisikia kwa masikio yangu nikiwa nje ya pazia. Aliwapa habari za mji, taratibu, kama mtu anayemsomea barua jirani asiyejua kusoma: leo ndege imeleta chumvi kidogo, mtoto wa fulani amepona, mvua imebomoa ukuta wa kule. Nilimwuliza kwa nini. Akasema anayesafiri ni vizuri aondoke na habari. Huko aendako watamwuliza.

Msemo wake mkubwa ulikuwa mmoja, na aliutumia kwa kila jambo, mpaka tukamcheka: "Ukikuta muntu na ufagio, usiseme takataka njo yake." Njo ni ndiyo ya kwetu. Tulicheka sana. Hatukufikiri kwamba alikuwa akijitetea.

Mwaka ule mji ulipozungukwa, wenye bunduki walikuwa ndani na wenye bunduki wengine walikuwa nje, na sisi katikati kama karanga ndani ya kinu. Mashamba tuliyaona kwa macho, kuyafikia hatukuweza. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Ndege ikitua, mji mzima ulijua imebeba nini kabla haijazima injini. Watu walikufa kwa risasi, lakini wengi zaidi walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa kukosa hata sombe ya jana, yale majani ya mihogo.

Vitambaa vikaisha. Huwezi kuzika bila sanda, na sanda ni kitambaa, na kitambaa kilikuja kwa treni, na treni haikuja. Muoshaji akaomba mapazia. Mapazia yakaisha, akaomba vyandarua. Vilipokwisha alitumia kanzu zake mbili, kisha shuka lake, kisha nguo zake za kazi. Hilo tulilijua baadaye. Wakati ule macho yetu yaliona nusu nyingine tu: kwamba kila wiki Muoshaji amevaa nguo mpya, na nguo hiyo ni ya mtu aliyekufa.

Hapa nieleze kwa asiyejua. Kwa desturi yetu ya tangu zamani, nguo alizofia marehemu ni haki ya aliyemwosha. Kila nyumba ya Kiislamu ya Kindu inalijua hili. Lakini njaa husahaulisha. Ukimwona mtu ana shati la mume wako, na tumbo lako liko tupu, desturi huikumbuki. Unalikumbuka shati.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alivuka mto kwenda Alunguli kutafuta mihogo, akarudishwa amelala ndani ya mtumbwi. Ilikuwa juu yangu, mdogo wake, kuingia ndani na kumshikia Muoshaji maji. Nilisimama nje ya pazia. Nilimsikia ndani akimwambia kaka yangu kwamba mihogo imefika, mama ameipokea. Nikakimbia mpaka kwenye reli, nikakaa huko, nikahesabu mataruma hadi walipokwisha kumzika.

Siku tatu baadaye nilimwona Muoshaji sokoni amevaa shati la kaka yangu. La bluu, kifungo cha tatu cheupe, nilikishona mimi. Na ninyi mnaojua aibu ya kukimbia mnajua inavyofanya kazi: inatafuta mtu wa kuvishwa.

"Njo yeye!" nilipiga kelele. "Njo huyu anakula watu! Hiyo shati ni ya yaya yangu!"

Sikuhitaji kusema mara ya pili. Mama mmoja muuza majani akasema, "Hata kwa bwana yangu alifika wa kwanza! Mbele ya ndugu!" Mwingine akasema kwake pia. Kila mtu sokoni alikuwa na maiti wake, na kila mtu alikumbuka ni nani aliyekutwa juu ya maiti huyo. Waliokuwa na mchi walikuja na mchi. Walimvunja kifundo cha mkono wa kushoto, na hakikunyooka tena maisha yake yote. Alikuwa akisema kitu, nadhani ule msemo wake wa ufagio. Hakuna aliyesikia.

Nilirudi nyumbani nimejaa ushujaa. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Shati nilimupa mimi," alisema. "Alikataa. Nikamuambia ni haki yake, avae, sababu alikuwa amebakia kifua wazi. Nguo yake ya mwisho ameivalisha yaya yako kaburini. Sasa rudi kule, useme."

"Nitaenda kesho, Mama."

Kesho yake nilikuwa na sababu. Kesho kutwa nilikuwa na sababu mbili. Mama hakuniambia tena, akafa bila kuniambia tena, na mji ukafunguliwa, treni ikarudi, vitambaa vikajaa sokoni vya kila rangi.

Muoshaji hakuacha kazi. Walimwita, kwani nani mwingine? Lakini walimwita mwishoni, kupitia mlango wa nyuma, na hawakumpa nguo tena. Akicheza dama, alicheza kwa mkono wa kulia na aliiba kwa mkono wa kulia. Mimi nilicheza naye. Nilimwachia aniibie. Niliona kwamba ni aina ya malipo, na yeye hakuniambia kwamba sivyo.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita hivyo. Mzee akazeeka, magoti yakakataa kuinama juu ya wafu, akawa anatafuta kazi ya kukaa. Hapo ndipo inapoingia hoteli.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo alijenga hoteli Kasuku, ghorofa mbili, na mimi akaniajiri kumnunulia vitu. Tulimwita Patron. Mtu mwema, mlokole, haibi na haachi kuibiwa. Aliona kwenye hoteli moja ya mbali sanduku la kioo lenye samaki wa bahari, akalitaka lake. Basi likaja kwa ndege kupitia Goma: kioo, pampu, magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai, na samaki wa rangi ambazo sisi tunazijua kwenye vitenge tu. Niliwahesabu mara mbili: ishirini. Siku ya kwanza tulipomimina gunia zima la chumvi kwa ajili ya samaki wasioliwa, wapishi wawili wazee walitoka nje. Mimi nilijua wametoka kwa sababu gani.

Patron alitaka mtu wa kulitunza. Muoshaji akaja, mikono nyuma.

"Unajua kuosha nini, Muzee?"

"Kila kitu yenye hailalamike, Patron."

Akapata kazi. Na naweza kusema kwamba miezi ile ndiyo niliyomwona amefurahi. Alifuta kioo kwa kitambaa laini kama anavyofutwa mtoto mchanga. Aliwapa samaki habari za mji. Alizoea mpaka akajua pampu imechoka kwa kusikiliza tu.

Ndipo minyoo ikaonekana. Ilikuja ndani ya mawe, hakuna aliyeileta kwa makusudi. Myembamba, rangi ya waridi, imeota manyoya meupe mbavuni mwote. Mchana inajificha, ukifunika kioo kwa blanketi inatoka. Patron alimshika mmoja kwa vidole, na manyoya yakamchoma kama upupu. Muoshaji alimtolea yote kwa utepe wa kunata, akibandika na kubandua, huku Patron akitaja jina la Yesu.

Wiki ile ile samaki mmoja wa manjano, mkubwa, alikutwa chini amekufa, na minyoo imemjaa.

"Hii vidudu njo imeua samaki yangu!"

"Hapana, Patron," alisema Muoshaji. "Samaki ilikufa asubuhi, niliiona ikipumua vibaya tangu jana. Hii imekuja mazishi."

Patron akapiga simu. Fundi mmoja wa Goma akasema ni wabaya, waue wote. Fundi wa pili wa Goma akasema ni wazuri, wanasafisha, waache. Watu wawili, maneno matatu, kwa sababu wa kwanza alipopigiwa tena alisema inategemea.

Muoshaji hakupiga simu. Alifunika kioo kwa blanketi saa sita mchana, akakaa na tochi. Aliweka kipande cha samaki mfu: wakaja wote. Kila wanapopita karibu na samaki mzima, waligeuka. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano alikuja ofisini na chupa, ndani yake mnyoo mmoja, mnene, mwenye vishungi vyekundu.

"Huyu iko mubaya," alisema. "Nimemukuta juu ya lile jiwe yenye maua, anakula kitu yenye iko hai. Nimemutoa kwa koleo ya jikoni. Sikusema wote ni wazuri, Patron. Lakini hawa wengine sijawakuta na kosa."

"Na juu ya nini wanakuwa mingi hivi?"

"Sababu munawapa samaki chakula mingi. Kinachobaki njo wanakula hawa. Punguza chakula, watapunguka wenyewe. Ukiwaua wote siku moja wataoza ndani ya mawe, na hakutakuwa wa kuwaosha."

"Sasa mimi nitajua je, huyu muzuri, huyu mubaya? Wote wana manyoya!"

"Unaangalia yenye iko ndani ya kinywa. Ilikuwa hai ao ilikuwa imekufa? Unauliza mumoja mumoja. Ni kazi. Muntu hapendi hiyo kazi."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na gunia la chumvi begani. Nililishusha chini, ingawa halikuwa zito.

Patron aliagiza dawa. Nilikwenda kuipokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na kwa kuwa Muoshaji alikataa kuigusa, niliimimina mimi mwenyewe. Minyoo ilikufa, kweli. Ilikufa ndani ya mawe, kwenye matundu yote, mamia. Siku ya pili maji yakawa kama maji ya mchele. Siku ya tatu harufu ilifika barabarani, na samaki walielea ubavu, wote kumi na tisa. Mara hii nilihesabu mara moja tu.

Patron aliwaita wafanyakazi wote. Hakuwa na hasira, na hilo ni baya zaidi. Alikuwa na hofu.

"Muzee," alisema, "walinionya. Nilipokuchukua, watu walikuja kuniambia: huyo, kila mahali anaingia, kifo kinamufuata. Wanasema ni tangu vita. Mimi nikasema ni maneno ya soko. Sasa naona."

Maneno ya soko. Nilijua soko gani. Nilijua saa ngapi, karibu na kibanda gani, na sauti ya nani ilitangulia. Neno langu lilikuwa limetembea mjini miaka yote ile, limezaa, limepata wajukuu, na sasa limerudi kumfukuza mtu kazini mbele yangu. Dawa niliimimina mimi. Mdomo nilikuwa nao. Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viwili.

Muoshaji alikunja kitambaa chake cha kufutia kioo, akakiweka juu ya meza. Aliponipita mlangoni alisimama kidogo.

"Safari hii haukupiga kelele," alisema. "Ni afazali."

Kumbe alijua. Miaka yote ile, kila kifuniko cha soda, alijua ni nani.

Sikulala vizuri kwa wiki kadhaa. Nikasikia anaumwa, amehamia Mikelenge kwa binti wa dada yake. Nikapanda pikipiki. Nilichukua sukari, sabuni, na kitambaa kizuri cha kanzu, na njiani nikagundua kwamba nimebeba vitu vya kupatania.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umeelekea dirisha dogo lenye shamba la mihogo nyuma yake. Alikuwa amekonda. Mikono aliiweka juu ya shuka, kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Niliweka vitu vyangu chini, naye hakuviangalia.

"Muzee, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Unajua."

"Najua. Lakini sema wewe."

Nikasema. Shati, kelele, mama mlangoni, kesho yangu iliyodumu zaidi ya miaka ishirini, dawa, viatu. Ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa, na hilo liliniumiza. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulinisema wapi?" aliuliza.

"Sokoni."

"Na unakuja kuniambia hapa. Hapa ni mimi na wewe na nzi. Mimi nilijua tangu zamani, wewe ulijua tangu zamani. Nzi hawakuuliza." Akavuta pumzi. "Rudi kule, useme ile mama yako alikuambia."

Nilikwenda siku ile ile, maana kesho zangu nazijua. Soko la Kasuku lilikuwa limejaa kama kawaida, nywele za bandia, mawese, simu za Kichina, samaki wakavu. Nilisimama mahali penyewe. Sasa pana kijana wa kuuza vocha na mwavuli wake. Nikapaza sauti. Nikasema wakati wa vita nilimzulia Muoshaji hapa hapa, kwamba shati alipewa na mama yangu kwa haki yake, kwamba nguo yake ya mwisho ilimzika kaka yangu, kwamba mkono wake ulivunjwa kwa uongo wangu.

Watu walipita. Wasichana wawili walicheka. Mtu mmoja alidhani ni mahubiri, akasema "Amina" na kuendelea na safari. Wa vocha aliniuliza kwa adabu kama naweza kusogea, namzibia wateja. Wale waliosikia kelele yangu ya kwanza, nilipowatafuta kwa macho, wengi walikuwa wameshaoshwa. Na aliyewaosha ni yeye.

Mama mmoja mzee tu, muuza samaki wakavu, aliacha kupepea nzi. Aliniangalia kwa muda.

"Kumbe," alisema.

Basi. Akaendelea kupepea.

Nikarudi Mikelenge jua likiwa bado juu. Muoshaji hakuwa amegeuka tangu nimwache. Nilichuchumaa karibu na mkeka.

"Nimesema, Muzee."

"Wangapi waliitika?"

Nilitaka kuongeza. Ni ugonjwa wangu, nikitaja idadi sokoni huongeza. Nikamwambia, "Mumoja. Mama wa samaki."

"Alisema nini?"

"Alisema, kumbe."

Nje mtu alikuwa anatwanga, na niliona uso wa Muoshaji ukifuata yale mapigo, au labda ulikuwa ukifuata kitu kingine. Kisha akasema:

"Nimesikia."

Sokoni, muuzaji akikuambia "nimesikia," hajakubali bei yako na hajaikataa. Huondoki. Huongezi neno, kwa sababu anayeongeza neno amepoteza. Unakaa pale pale mbele ya bidhaa yake, na unangoja.

Nikakaa. Shuka lilipanda na kushuka, polepole, na mimi nikangoja.